Mali bila Daftari: Tuchague Ghala Lipi la Michezo ya Kompyuta?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina harufu ya duka, ya jahazi na ya bandari, na mtu angedhani kuwa haina la kumwambia kijana wa leo anayetunga mchezo wa kompyuta. La hasha! Hapana anayeihitaji zaidi yake. Mchezo wa kompyuta ni ulimwengu mzima: una njia, nyumba, watu, mali, madeni na kumbukumbu za mambo yaliyotendeka. Ulimwengu huo huishi katika kumbukumbu ya mashine maadamu umeme upo. Umeme ukikatika, nao hutoweka, isipokuwa kama mtungaji aliufikiria mapema na kuuandalia daftari.

Katika vyama vya kompyuta vya shule zetu, aghalabu mambo huwa kinyume. Wanafunzi hutumia muhula mzima wakichora wahusika na kuchagua sauti, na suala la kuhifadhi huachwa hadi juma la mwisho. Hapo ndipo mmoja hutamka neno alilolisikia kwa mwenzake, nalo hushikwa bila mjadala. Makala haya yana nia ya kuonyesha kuwa uchaguzi huo hautuhusu kama ufundi mtupu. Ni suala la kusoma na kuandika, na kwa hiyo linatuhusu hata sisi wa idara za lugha. Kila ghala la data huuliza maswali yale yale yanayoulizwa na hati yoyote: ni nani atakayeifungua, kwa chombo gani, na baada ya miaka mingapi?

Kwanza tuelewane juu ya istilahi. Waandishi wa programu wanaposema maktaba hawamaanishi nyumba ya vitabu. Wanamaanisha mkusanyiko wa sehemu za programu zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa na wengine, ambazo mtungaji huziingiza katika kazi yake ili asianze kufua chuma chake mwenyewe. Maktaba ya kuhifadhia ndiyo inayopokea hali ya mchezo, ikaiandika katika diski, na kuirudisha kama ilivyokuwa mchezaji anaporejea.

Tuanze na mchezo tunaoujua. Chukua bao la Kiswahili, lile linalochezwa barazani kote Pwani na Visiwani. Lina safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, jumla mashimo 32, na kete 64. Mchezo huanza kila mchezaji akiwa na kete 10 ubaoni, 6 katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na kete 22 mkononi. Sasa tuseme wachezaji wawili wa mtaa wa Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, wamesikia adhana wakiwa katikati ya mchezo. Ni mambo gani lazima yaandikwe ili waendelee baadaye bila ugomvi?

Jibu ni fupi ajabu. Tunahitaji idadi ya kete katika kila shimo, yaani namba 32. Tunahitaji kete zilizomo mkononi mwa kila mmoja, namba 2. Tunahitaji kujua kama nyumba ya kila mmoja ingali yake au imekwisha kuvunjika, alama 2. Mwisho, tunahitaji kujua ni zamu ya nani, alama 1. Jumla ni 37. Ulimwengu mzima wa bao unaenea katika mstari mmoja wa maandishi. Zaidi ya hayo, bao lina mlinzi wake wa ndani: ukijumlisha kete za ubaoni na za mikononi lazima upate 64. Programu ikifungua daftari ikakuta 63, imejua papo hapo kuwa daftari limeharibika au kuna aliyechezea. Wataalamu wa data hutafuta mbinu za namna hii kwa gharama kubwa, ilhali wazee wetu walizikalia barazani.

Kwa mchezo wa ukubwa huo, ghala linalofaa ni faili la maandishi ya kawaida, likiwa limepangwa kwa utaratibu unaojulikana kama JSON. Mtu yeyote anaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, akalisoma kwa macho yake. Uzuri wa njia hii tumeuona katika sataranji. Mwaka 1993 Steven J. Edwards wa Marekani alipendekeza utaratibu wa kuandika michezo ya sataranji kwa herufi za kawaida, uitwao PGN. Kompyuta za wakati ule zimeshatupwa zote, lakini michezo iliyoandikwa kwa utaratibu ule ingali inasomeka bila taabu.

Hata hivyo, faili la maandishi lina mtego mmoja unaowanasa wengi. Programu inapohifadhi upya, huanza kwa kulifuta faili la zamani kisha huandika jipya mahali pake. Umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika, umepoteza yote mawili. Dawa yake ni kuandika faili jipya kando, kuhakikisha limefika katika diski, kisha kulipa jina la lile la zamani. Mwanafunzi asiyefundishwa hatua hizi amejenga nyumba bila mlango.

Sasa tupanue mfano. Tuseme wanafunzi wanataka kuujenga mtaa wa Kuze wenyewe ndani ya kompyuta: vichochoro, milango, baraza za kahawa, ngazi za kupandia ghorofani, na watu wanaoamkiana. Tuseme wamechukua eneo la mita 200 kwa 200, kwenda juu mita 20, na kulikata katika vipande vya mita moja moja. Hivyo ni vipande 800,000. Mchezaji akifungua mlango mmoja, kimebadilika kipande kimoja au viwili. Je, tuandike upya vipande 800,000 kwa sababu ya mlango mmoja? Ni kama karani wa bandari anayenakili daftari zima upya kila linapoingia gunia moja.

Tatizo hili limewahi kuwakuta wakubwa. Katika siku za mwanzo za Minecraft, mchezo uliobuniwa na Markus Persson wa Sweden, ulimwengu ulikatwa katika vitalu vya vipande 16 kwa 16, na kila kitalu kiliwekwa katika faili lake. Ulimwengu ukipanuka, mafaili yalikuwa maelfu kwa maelfu, na diski ikachoka kuyatafuta. Mwaka 2011 ndipo vitalu 1,024 vilipoanza kufungwa pamoja katika faili moja lenye faharasa mwanzoni. Toleo la mchezo huo la simu lilikuja kufuata njia nyingine, likatumia maktaba ya LevelDB.

Mfano unaotufaa zaidi ni Luanti, mchezo wa vipande ulioanzishwa na Perttu Ahola wa Finland mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na uliobadilishwa jina mwaka 2024. Msimbo wake uko wazi, na mwanafunzi yeyote anaweza kuusoma. Huukata ulimwengu katika vitalu vya 16 kwa 16 kwa 16, yaani vipande 4,096 kila kimoja, na mwenye kuuendesha huruhusiwa kuchagua ghala: SQLite, LevelDB, PostgreSQL na mengine. Asipochagua lolote, hupewa SQLite. Inafaa tujiulize kwa nini.

LevelDB ilitolewa na Google mwaka 2011, nayo ni kazi ya Jeff Dean na Sanjay Ghemawat. Kanuni yake ni nyepesi: kila kitu kina ufunguo na thamani. Unasema, “Nipe kitalu namba fulani,” nayo hukupa. Huandika kwa haraka sana, kwa kuwa huongeza maandishi mapya mwishoni na kupanga baadaye. Lakini ina mambo mawili ambayo mwalimu hana budi kuyajua. Kwanza, ghala lake ni folda yenye mafaili mengi yanayotegemeana. Mwanafunzi akinakili baadhi kwenye flashi na kuyasahau mengine, amebeba mlango bila kitasa. Pili, haijui chochote kuhusu maana ya ulichokiweka. Ukitaka kuuliza, “Ni nyumba zipi za Kuze ambazo mchezaji hajabisha hodi?” utalazimika kuifungua kila nyumba na kuitazama mwenyewe.

SQLite ilianzwa na D. Richard Hipp wa Marekani mwaka 2000. Ni hifadhidata kamili inayokaa katika faili moja, bila seva wala msimamizi. Haimilikiwi na mtu; waandishi wake wameiachia umma wote. Inapatikana katika kila simu ya Android, kwa hiyo wanafunzi wetu hutembea nayo mfukoni bila kujua. Imo pia ndani ya lugha ya programu ya Python tangu mwaka 2006, hivyo shule isiyo na intaneti haina haja ya kupakua chochote cha ziada. Waandishi wake wametangaza nia ya kuihudumia hadi mwaka 2050, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeitaja miongoni mwa miundo inayopendekezwa kwa kuhifadhi data.

Lakini sifa yake iliyo kubwa kwetu sisi wa nchi za umeme wa kukatika ni muamala. Mchezaji anapomnunulia mwenzake kahawa, mambo mawili hutokea: shilingi hutoka kwa mmoja, na kikombe hufika kwa mwingine. SQLite huyafunga mambo hayo katika muamala mmoja, na kabla ya kugusa faili huweka kando nakala ya kurasa itakazozibadilisha. Umeme ukikatika katikati, siku ya pili hukuta nakala ile, hurudisha kurasa za zamani, na muamala huwa kama haukuwahi kuanza. Ama yote mawili yametendeka, ama hakuna lililotendeka. Shilingi haipotelei njiani. Mfanyabiashara yeyote wa Mji wa Kale angeielewa kanuni hii bila kufundishwa.

Kuna njia nyingine inayowavutia wanafunzi kwa wepesi wake, nayo ni kuziagiza zana za lugha ya programu zimwage kila kilichomo kwenye kumbukumbu moja kwa moja katika diski. Kwa Python chombo hicho huitwa pickle. Mstari mmoja tu, na kazi imekwisha! Lakini faili la namna hiyo limefungamana na programu iliyoliandika. Ukibadilisha jina la sehemu ya programu muhula ujao, faili la muhula uliopita halifunguki. Baya zaidi, faili la pickle lililotoka kwa mtu usiyemwamini laweza kubeba amri za kuidhuru mashine yako. Wengine hubuni muundo wao wenyewe wa siri na kujivunia kwamba hapana anayeweza kuusoma. Kweli, hapana atakayeweza. Na mwenyewe akishahitimu na kuondoka, ulimwengu wake umezikwa.

Mji huu wa Mombasa una ushahidi wa jambo hili ulio mkongwe kuliko kompyuta. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki takriban mwaka 1840, zilikaa kwa miongo kadhaa katika ghala la vifua vya watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyezikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Makaratasi ya Taylor yakafika London. Mwaka 1940 William Hichens akazichapisha kwa hati za Kirumi huko Johannesburg, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akazitolea kitabu chenye uchambuzi. Hebu tuitazame safari hiyo: kutoka kinywa, kwenda hati, kwenda chapa, kwenda uhakiki. Katika kila kituo palikuwa na mtu ambaye hakumjua Muyaka, lakini aliweza kukisoma kile alichoachiwa. Laiti Mwalimu Sikujua angebuni alama za siri zake mwenyewe, leo tungekuwa na karatasi na tusiwe na mashairi.

Tukishachagua ghala, imebaki lugha, na hapa ndipo sisi wanaisimu tunapotakiwa kuwa macho. Maktaba hizi ziliandikwa na watu ambao hawakuifikiria sarufi yetu. Chukua neno ng'ambo, ambalo mtu wa kisiwani hawezi kuliepuka. Katika lugha ya kuamuru hifadhidata, alama ile ya juu ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Mwanafunzi akiliunganisha neno ng'ambo kiholela na amri yake, mashine hudhani maandishi yameishia kwenye “ng”, na mchezo huvunjika. Dawa ni kuipa maktaba amri mbali na maneno mbali, jambo ambalo SQLite inaliruhusu na ambalo pia huzuia wadukuzi. Tena, alama hiyo ikiandikwa iliyonyooka mahali pamoja na iliyopinda mahali pengine, kwa mashine hayo ni maneno mawili tofauti. Chama cha kompyuta kikubaliane juu ya alama moja tangu siku ya kwanza.

Vivyo hivyo katika kutafuta. Chombo cha kutafutia maneno kilichomo ndani ya SQLite kina kanuni ya kukata miisho ya maneno, kwa sababu Kiingereza hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni: mlango, milango, mtoto, watoto. Anayetafuta mlango hataipata milango. Kwa bahati njema, tangu mwaka 2020 maktaba hiyo inaweza kulivunja neno katika herufi tatu tatu, na hapo anayetafuta lango huipata mlango na milango kwa pamoja. Mwanafunzi anayelijua hili amejifunza ngeli za nomino kwa njia asiyoweza kuisahau.

Lipo na suala la matamshi. Katika Kimvita, kaa la moto na kaa wa baharini hayatamkwi sawa. La pili lina pumzi. Ndivyo lilivyo paa la nyumba na paa wa mwituni. Tahajia sanifu huyaandika kwa namna moja. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na mwenzake P. J. L. Frankl walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mchezo wa Kuze utakaohifadhi maandishi pekee utakuwa umeipoteza nusu ya mtaa. Basi katika jedwali la maneno iachwe safu ya tahajia sanifu, safu ya matamshi, na safu ya jina la faili la sauti. Gharama ya safu mbili za ziada ni ndogo mno. Gharama ya kuzikosa haifidiki.

Wapo watakaosema kuwa mambo haya yote yamepitwa na wakati, kwani data sasa huwekwa kwenye seva za mbali. Nawaomba wakumbuke FarmVille, mchezo wa mashamba uliochezwa na mamilioni ya watu kupitia Facebook. Ulifungwa tarehe 31 Desemba 2020, na mashamba yale yakaenda na mwenye seva. Aliyelima kwa miaka kumi hakuondoka hata na punje. Seva ya mbali na iwe nakala ya pili, isiwe daftari pekee.

Wengine watasema kuwa LevelDB ina kasi zaidi katika kuandika. Huenda, kwa mchezo wenye maelfu ya wachezaji. Lakini mchezo wa chama cha shule, wenye mchezaji mmoja na vitalu mia chache, hautaihisi tofauti hiyo. Utaihisi siku faili litakapokosa kufunguka. Kasi ni swali la leo, usomekaji ni swali la kesho, na mwalimu huajiriwa kwa ajili ya kesho.

Basi rai yangu ni hii. Mchezo mdogo kama bao uhifadhiwe katika faili la maandishi. Ulimwengu mkubwa wa mtaa uhifadhiwe katika SQLite, kwa vitalu, majina ya majedwali yakiwa ya Kiswahili kinachoeleweka, na namba ya toleo ikiandikwa ndani ya faili ili programu ya mwaka kesho ijue inasoma nini. LevelDB iachiwe wale waliopima wakaona kweli wanaihitaji.

Tena, kabla walimu hawajatoa alama, wafanye majaribio matatu. Kwanza, wauzime umeme wa mashine mchezo ukiwa unahifadhi, kisha wauwashe na kutazama kilichobaki. Pili, wafunge mchezo barabara, walichukue faili hadi kwenye kompyuta nyingine na kulifungua huko; wasinakili faili la SQLite lililo wazi, kwani mabadiliko ya mwisho yanaweza kuwa bado katika faili la kando. Tatu, na hili ndilo kubwa, wampe mwanafunzi wa darasa jingine, asiyeujua mchezo, wamwombe aseme kilichomo ndani ya faili kwa kusoma majina ya majedwali tu. Akishindwa, kazi haijakamilika, hata kama picha zinapendeza namna gani. Wanafunzi wetu wana uwezo wa kuujenga mtaa mzima ndani ya mashine. Jukumu letu ni kuhakikisha kuwa atakayekuja baada yao ataweza kubisha hodi na kufunguliwa.